Mhuri wa Nyumba ya Samaki

Kwaru, kwaru, kwaru.

Nilidhani ni panya. Nikapapasa gizani kutafuta kiatu, maana panya wa nyumba ya wifi yangu hawana adabu, humpita mgeni juu ya tumbo kama wanavuka barabara. Lakini sauti ilitoka ubavuni mwangu, chini ya shuka, na ilikuwa na mpangilio: tatu, kimya, tatu tena. Nikafunua shuka. Mwanangu alikuwa amelala kifudifudi, karatasi juu ya mto, penseli mkononi, anachora mistari bila kuona anakoichora.

"Unafanya nini, mama?" nikamnong'oneza.

"Nawakata samaki."

Alikuwa na orodha yake ya mahali patano, na kila tulikotoka alipakata kwa penseli. Jana tulirudi tumechoka, akapitiwa na usingizi kabla ya kuikata nyumba ya samaki, na jambo hilo likamwamsha kabla hakujapambazuka. Sasa pakabaki mahali pa tano tu.

Akaniuliza kama kazini kwa baba nako wanagonga mhuri mkononi. Nikamwambia ndiyo, wanagonga, sasa lala. Katika yote niliyokuwa nimemweleza kuhusu mahali pale, hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.

Baba yake alikuwa dereva wa lori. Wenzake walimwita Konokono kwa sababu alikuwa hapiti gari la mtu mpaka aone barabara yote mbele, na wakimcheka alisema konokono hafiki kwanza lakini anafika na nyumba yake. Mwaka ule tajiri wake alimpa safari juu ya safari. Usiku wa pili bila kulala, karibu na mapambazuko, alisinzia kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu. Mbele yake kulikuwa na mwanamume juu ya baiskeli, anapeleka maziwa. Yule mtu hakufika. Mume wangu alipoulizwa mahakamani kama ana la kujitetea, alisema yule mtu alikuwa na watoto, akakaa chini. Akapewa miaka mitano.

Mwanangu alikuwa na miaka minne. Nilimwambia baba amepata kazi mjini, kwenye jengo kubwa, na wakubwa wake wakali hawampi ruhusa ya kutoka. Niliona ni uongo mdogo wa kumvusha mtoto usiku mmoja. Lakini uongo haukai peke yake, huita ndugu zake. Mtoto akiuliza kwa nini baba hapigi simu, namjibu kwamba kule simu haziruhusiwi. Mbona hatumi picha? Mashine za mle zinaharibu picha. Miaka mitatu nikawa naongeza vyumba kwenye nyumba isiyo na msingi.

Kisha ikaja barua yake. Ilisema kamati ya msamaha itakaa baada ya wiki tatu, na faili lake liko mezani. Miaka mitatu hana doa hata moja, na kwenye karakana ya useremala yeye ndiye anayewafundisha wengine. Likibaki hivyo hivyo atasamehewa miaka miwili iliyobaki, awe nyumbani kabla shule hazijafunguliwa. Likiingia doa moja, hata dogo, atamaliza yote. Chini aliongeza kwamba gereza lina siku moja kwa mwaka ambapo watoto wanaruhusiwa kukaa na baba zao meza moja, bila wavu katikati, na siku hiyo inaangukia kwenye likizo. "Niletee Sisimizi wangu," aliandika. Ndivyo anavyomwita mtoto, kwa sababu hatulii.

Mimi ni msaidizi kwenye shule ya chekechea. Jioni, miaka miwili, nilisoma nikiwa nimekunja magoti kwenye viti vilevile vya watoto ninaowafuta pua mchana, na mwaka huu cheti changu kimetoka. Mwalimu mkuu aliniahidi darasa la wadogo muhula ujao, mara tu nitakapompelekea karatasi ya polisi ya tabia njema. Kwa hiyo barua ilipofika niliona kama dunia imegeuza shavu lake la pili, lile zuri. Mume nyumbani, darasa langu, mtoto na baba yake. Nikasema tutakwenda mjini siku nne kabla, iwe likizo kweli, ili mtoto akikumbuka siku ile aikumbuke pamoja na raha.

Kwenye kituo cha mabasi kijana mmoja alikuwa anagawa vikaratasi: Mahali Patano pa Furaha kwa Familia. Bustani ya wanyama, makumbusho, gurudumu kubwa, nyumba ya samaki, na boti za kukanyaga kwa miguu. Boti, tukaambiwa, zimefungwa kwa matengenezo. Mwanangu akazikata, na pale pale, juu ya begi letu, akaandika kwa herufi zake zinazoegemeana: KAZINI KWA BABA.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mpishi wa hospitali. Ana mikono mikubwa na ulimi usiopoa. Alikisoma kile kikaratasi amekishika mbali na macho, akanirudishia.

"Kwa hiyo mnakwenda kwa nyani, mnakwenda kwa mifupa, mnakwenda kwa samaki, halafu mnakwenda kwa kaka yangu," alisema. "Asante, wifi. Umempanga vizuri."

Nilicheka, ningefanya nini. Yeye hakucheka. Mtoto alipokwenda kuoga aliniambia nimweleze ukweli kabla ya siku ile, maana mtoto wa miaka saba anajua kusoma, na pale getini wameandika kwa herufi kubwa kuliko mlango wenyewe. Nikamwambia nitamweleza kesho. Akasema kesho ni kabati la mvivu, kila kitu kinaingia. Jioni ya pili akauliza tena, na ya tatu, na kila mara nilikuwa na sababu. Mtoto amechoka. Mtoto ana furaha, nisimharibie. Wifi akainua sufuria yake akasema, "Haya. Mficha ugonjwa, sisi wa hospitali tunamjua."

Na kwa kweli mtoto alikuwa na furaha. Kwenye bustani ya wanyama simba alikuwa amelala chali, miguu juu, kama mlevi, na mwanangu alisimama nusu saa kwenye reli akingoja ageuke. Nyani mmoja alichungulia kofia ya bwana mmoja mnene, akaichukua, akaivaa, na watu wakacheka mpaka yule bwana naye akacheka. Tulipotoka mwanangu alitaka kujua kama simba analala ndani siku zote au ana siku za kwenda kwao. Nilimnunulia maji.

Kwenye makumbusho kulikuwa na mifupa ya nyangumi imening'inizwa kwa nyaya, na akahesabu mbavu zote, akapata idadi tofauti na ya kibao, akamwambia mlinzi kibao kimekosea. Mlinzi akahesabu naye. Kibao kilikuwa sawa.

Juu ya gurudumu kubwa ndipo nilipotunga uongo mwingine. Kiti chetu kilisimama kileleni, mji wote chini kama vyombo vilivyoachwa kukauka, na akaniuliza kazini kwa baba ni wapi. Nilipaona. Ukuta mrefu, waya juu, minara minne, na uwanja wa vumbi katikati usio na mti hata mmoja. Nikanyoosha kidole upande mwingine, kwenye jengo refu la vioo linalometameta juani.

"Lile," nikasema.

"Zuri," akasema, akalipungia mkono.

Siku ya nne ikawa nyumba ya samaki. Mlangoni msichana mwenye sare aligonga mhuri kwenye vifundo vya mikono yetu, samaki mdogo wa bluu, akatuambia tukitaka kutoka kula tutoke, tukirudi tuonyeshe mhuri tu. Ndani kulikuwa na giza na baridi, maji ya kijani pande zote, na watu wakisema kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Kasa mkubwa alikuwa anazunguka kwenye tangi lake. Akifika kwenye kioo aligusa kwa pua, akageuka, akazunguka tena. Pale alipogusa, kioo kilikuwa kimechubuka.

Mchana tulitoka kula mkate na mayai kwenye benchi. Na mimi, kama nifanyavyo kwa watoto wa watu siku tano za wiki, nikamsugua mwanangu mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Tuliporudi mlangoni hakuwa na samaki. Alikuwa na mkono mweupe wa usafi.

Msichana alikuwa ameondoka. Mahali pake kulikuwa na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamweleza. Akaniambia hapana. Nikamwonyesha mhuri wangu, nikamwambia mtu haji na mtoto nusu. Akasema yeye hakutuona asubuhi. "Mama, bila mhuri hata mwenye jengo haingii wala hatoki," alisema, bila ubaya, kama anayesoma sheria ya hesabu.

Mwanangu akaanza kulia kimya kimya, machozi bila sauti, ambayo ni mabaya zaidi. Alikuwa hajamaliza kumtazama kasa.

Nikamvuta nyuma ya nguzo. Nikalamba kifundo changu, pale kwenye samaki, nikakibana juu ya kifundo chake, nikahesabu mpaka kumi. Tulipoachanisha mikono alikuwa na samaki wake, hafifu kidogo lakini mzima. Wangu alitazama kulia, wake alitazama kushoto.

"Wanatazamana," akasema, na uso ukamfunguka. "Mama, kumbe mtu anaweza kumpa mwenzake mhuri?"

"Kama ni mtu wako, unaweza," nikamwambia.

Mzee akatazama mikono yetu miwili juu ya miwani, akatusogezea mlango. Sikuona kosa. Tulikuwa tumelipa, na mimi ndiye niliyemwosha. Usiku ule wifi aliponitazama kwa jicho lake la kuuliza, nikamwambia kesho asubuhi, njiani. Akaniwekea mto.

Njiani, asubuhi, mtoto aliimba.

Nilikuwa nimepanga kumweleza tukishuka kwenye basi. Tukashuka. Nikapanga kumweleza tukifika kwenye kona. Pale kwenye kona kulikuwa na wanawake wengine na watoto wao, wamevaa nguo za sikukuu, mistari ya pasi inaonekana, nami nikaona aibu kuinama mbele yao kuanza habari ndefu. Kisha ukuta ukawa mbele yetu na herufi juu ya geti.

"Ge-re-za," akasoma. "Gereza ni nini?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka, akanitazama, akarudisha uso wake mbele haraka. Nikasema ni jina la jengo.

"Hili silo ulilonionyesha."

"Walihama."

Akakubali. Hilo ndilo linalonikata mpaka leo, jinsi alivyokubali. Akatoa penseli yake akaniuliza kama apakate sasa kwenye orodha au angoje mpaka tutoke.

Wakatupekua, wakachukua begi letu. Askari mmoja akagonga mhuri kwenye vifundo vyetu: duara la bluu na tarehe katikati. Akarudia kwa kila familia maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu aliyeyachoka. Mhuri huu usifutike. Wakati wa kutoka, asiye na mhuri hatoki. Mwanangu alimsikiliza kuliko nilivyomsikiliza mimi. Aliushika mkono wake mbali na mwili, kama kikombe kilichojaa.

Ukumbi ulikuwa na meza za mbao zilizopangwa safu, na wanaume wenye sare za rangi moja wameketi, mikono juu ya meza, wanatazama mlango. Bila wavu mbele yake sikumtambua mara moja. Mwanangu ndiye aliyenivuta. Alikuwa amekonda, amenyolewa, masikio yamekuwa makubwa, na aliposimama upesi meza ikasogea.

"Sisimizi," akasema.

Mtoto akamkimbilia. Sitaeleza zaidi hapo.

Walikaa wakizungumza wao wawili, na mimi nikapata nafasi ya kumtazama. Alinuka maranda na gundi. Mtoto akamhadithia vyote: nyani na kofia, mbavu za nyangumi, kasa. Mume wangu alicheka pale pa kofia, kicheko chake chenyewe, kile cha zamani kinachoanzia puani, na askari wa pembeni akageuka kutazama. Kisha mtoto akamshika mikono, akaigeuza huku na huku.

"Baba, mbona wewe huna mhuri?"

Akanitazama. Nikainamisha macho. Akaelewa kwamba sijasema, na alinibebea, kama alivyonibebea mengi.

"Mkubwa wangu wa kazi hajanipa bado," alimjibu. "Nimemwomba. Labda baada ya wiki tatu."

"Ukipata utatoka na sisi?"

"Nikipata, siku hiyohiyo."

Mtoto akanyamaza. Mtoto wangu akinyamaza ni kama maji yakinyamaza jikoni, inabidi uende ukaangalie. Lakini mimi nilikuwa nimepata dakika ya kuzungumza na mume wangu baada ya miaka mitatu ya wavu. Nikasogea. Akaniambia habari za kamati kwa sauti ya chini. Watu watatu, wanasoma faili, wanauliza maswali mawili matatu. Mkuu wa karakana amemwandikia vizuri. Yeye mwenyewe alimwandikia barua mjane wa yule mtu wa maziwa, si kwa ajili ya kamati, na mjane hakujibu, na hakutegemea ajibu. Alisema akitoka hatagusa tena usukani, atatengeneza madawati. Nikamwambia darasa langu litahitaji madawati. Tukacheka kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza, upande wa mtoto. Wakati fulani aliuangalia, akatabasamu. Baadaye alinieleza alidhani mtoto anambusu.

Kengele ikalia. Wageni tukaambiwa tusimame tungoje ukutani, na wafungwa wakapita mmoja mmoja kwenye meza ya askari, wanaonyesha mikono mbele na nyuma, wanaingia mlango wa ndani. Mume wangu alikuwa wa saba au wa nane. Alinyoosha mikono yake huku bado anatutazama.

Askari akaushika mkono wa kushoto, akauinamia. Kisha akapuliza filimbi.

Milango yote ikafungwa kwa mpigo. Watoto wengine wakaanza kulia. Wafungwa waliokuwa hawajaingia waliambiwa wachuchumae, na wakachuchumaa palepale kwa haraka ya watu waliozoea. Wale baba waliokuwa wafalme wa meza dakika tano nyuma, sasa watoto wao wanawaona wamechuchumaa, mikono kichwani. Wangu naye.

Nilielewa kabla ya kuambiwa. Nikamtazama mtoto kwenye kifundo: duara lake lilikuwa limefifia, limelowa.

"Nimempa wangu," akaninong'oneza kwa furaha. "Ni mtu wetu."

Wakatupeleka sisi watatu kwenye chumba kidogo chenye meza ya chuma na dirisha la juu. Akaja mkuu wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye nyota begani na mafua, kitambaa mkononi. Akaushika mkono wa mume wangu akausogeza kwenye mwanga. Duara la bluu, hafifu, na tarehe imegeuka kinyumenyume. Akauachia. Akamtazama mtoto kwa muda, akapenga kamasi, akakaa.

Hakufoka, na ningependa angefoka. Alitueleza taratibu kwamba miaka miwili iliyopita mfungwa mmoja alitoka kwa mlango wa mbele, siku kama hii, amevaa nguo za shemeji yake na mhuri wa kulambwa mkononi, na mpaka leo hajulikani aliko. Askari watatu walifukuzwa kazi. Tangu siku hiyo, alama yoyote kwenye mkono wa mfungwa ni jaribio la kutoroka, awe na nguo za kutorokea au hana. Yeye mwenyewe anaona kwa macho yake kwamba hili ni jambo la mtoto. Lakini filimbi imeshapulizwa, ukumbi mzima umeona, na kitabu lazima kiandikwe.

Akakifungua. Kilikuwa na nafasi mbili, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Kama wazo ni la mfungwa, linaingia kwenye faili lake leo hii. Kama ni la mgeni mtu mzima, faili la mfungwa halitaguswa, ila mgeni atapelekwa kituo cha polisi akaandikwe, na hataruhusiwa kuingia hapa tena.

"Mtoto wa miaka saba hajifundishi kulamba mhuri," alisema. "Nani alimfundisha?"

"Ni mimi, afande," mume wangu akasema.

Alisema upesi, bila kunitazama, kama mtu anayedaka kikombe kabla hakijafika chini. Akaongeza kwamba alimwomba mtoto pale mezani, kwa mzaha, na mama yake hakuona. Mkuu wa zamu akamwuliza kama anajua kamati yake inakaa lini. Akasema anajua.

"Ulikuwa na faili safi wewe."

"Ndiyo, afande."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Si yeye," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua kuwa yangu. Mkuu wa zamu akainua macho. Mume wangu naye akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu tuingie chumba kile, na akatikisa kichwa, mara moja, kidogo sana. Nyamaza. Nilijua anachofikiri: mtoto atalala wapi leo kama mama anapelekwa polisi, na karatasi ya tabia njema, na darasa, na ile miaka miwili ya viti vifupi. Alikuwa amefanya hesabu yote kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu, na kwenye hesabu ile alijiweka yeye upande wa kutolewa.

"Kama si yeye, ni nani?" akauliza mkuu wa zamu.

Nilifungua mdomo. Nilijua maneno. Yalikuwa machache, mepesi, mtoto wa chekechea angeyasema. Ninawafundisha watoto wa watu kila siku: sema ukweli, hutapigwa. Na ulimi ukakaa. Nilimwona wifi na sufuria yake. Nilimwona mwalimu mkuu akisoma karatasi yenye jina langu. Nilimwona kasa akigusa kioo akigeuka. Hewa ikaingia ikatoka, ikaingia ikatoka, na kila nilipovuta pumzi niliona ile kalamu inasogea kwenye nafasi ya kwanza, na mimi bado nimefungua mdomo.

"Nimekuuliza, mama," akasema mkuu wa zamu.

Mwanangu alikuwa amesimama kati yangu na baba yake, penseli yake imechomoza mfukoni. Alimtazama baba yake, ambaye hakuwahi kumsikia akisema jambo lisilo kweli. Akanitazama mimi. Hakuwa na hofu. Alikuwa na uso ule wa makumbusho, wa kuona kibao kimekosea.

Akainua mkono wake wenye duara lililofifia, kama ninavyowafundisha kuinua kabla ya kuzungumza.

"Mama ndiye aliyenifundisha jana, kwenye nyumba ya samaki."